Zebaki Yapimwaje, na kwa Nini Jina Lake Peke Yake Halitoshi

Zebaki ni madini yenye rangi ya fedha yatiririkayo kama maji. Kwa miaka mingi ilitiwa katika vipimajoto vya hospitali, na wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Migori, huitumia kunasia chembe za dhahabu. Yafaa kila mtu afahamu kwamba zebaki ina namna tatu, na madhara yake hayalingani.

Ya kwanza ni zebaki yenyewe. Ikimezwa, tumbo huichukua kidogo sana. Lakini ikichomwa, mvuke wake huingia mapafuni, na kama asilimia 80 yake hubaki mwilini. Ya pili ni chumvi za zebaki, ambazo hudhuru mafigo. Ya tatu ni methilizebaki, yaani zebaki iliyoungana na kaboni. Vijidudu vya matopeni huifanyiza, nayo huingia katika samaki. Mtu amlapo samaki huyo, karibu yote hupita damuni, na sehemu yake hufika katika ubongo, hata ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Habari za Minamata, nchini Japani, zaonyesha hasara ya kutotofautisha namna hizo. Ugonjwa wa ajabu ulitangazwa huko mwaka 1956: watu walitetemeka, wakapungukiwa na kuona na kusikia. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walisema kwamba chanzo ni zebaki ya namna ya tatu. Wenye kiwanda cha Chisso wakakana, kwa hoja kwamba wao walitumia zebaki ya namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 methilizebaki ilionekana katika taka za kiwanda hicho. Ilikuwa ikifanyika humo humo. Hata hivyo serikali haikukiri jambo hilo mpaka mwaka 1968.

Basi wapimaji hufanyaje? Kipande cha samaki, matope au nywele hutiwa katika chombo safi kabisa na kuwekwa penye baridi na giza, ili namna moja isigeuke kuwa nyingine. Kisha huyeyushwa kwa dawa ya kadiri, kwa maana asidi kali pamoja na moto huvunja methilizebaki, kikabaki kiasi cha jumla tu. Maji yake hupitishwa katika mrija mwembamba uliojazwa chembe ndogo sana. Namna moja hupita upesi, nyingine hukawia. Na mwishoni mashine huhesabu zebaki kila itokapo. Wakati wa kutoka hutambulisha namna yake.

Tena, kitu kinachopimwa hakina budi kuchaguliwa vema. Mkojo hueleza habari za mvuke. Damu na nywele hueleza habari za samaki. Kwa hiyo mchomaji wa dhahabu apimwe mkojo, na mama mjamzito alaye samaki kila siku apimwe nywele au damu. Naye apewaye majibu aulize mambo mawili: zebaki ni kiasi gani, na ni ya namna gani?