Uliza Siku Alizochangamka

Ukimpima mgonjwa kwa alivyo leo tu, ni vigumu kujua kama ana sonona ya kawaida au ni sonona ya baipola, ile inayopishana na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi. Vigezo ni vilevile: majonzi au kukosa hamu kwa wiki 2 au zaidi, usingizi na ulaji kuvurugika, kujiona hafai, pengine kutamani kufa. Mjerumani Karl Leonhard aliyatenganisha magonjwa haya mwaka 1957. Kabla yake yalitiwa kapu moja.

Ishara zipo. Sonona ya baipola huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 25, na hurudirudi. Mgonjwa hulala mno na bado akaamka hoi, hula sana, viungo vikawa vizito. Mwenye sonona ya kawaida mara nyingi hukosa usingizi, na chakula hakipiti. Lakini wasiofuata mpangilio huu ni wengi.

Kinachoamua ni historia, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hazihesabu siku alizochangamka kuwa ugonjwa. Muulize kama amewahi kupata hali iliyo kinyume cha hii, atakataa. Muulize dada yake: “Mwaka juzi si alikuwa halali? Saa nane usiku anafua mapazia, akakopa akanunua cherehani tatu, na akiongea humpati.” Hali hiyo ikidumu siku 4 na walio karibu wakaiona, ni haipomania. Ikifika wiki na kumharibia maisha, au akalazwa, ni mania. Nyumbani huenda wanakikumbuka kipindi hicho kama wakati alipokuwa mchapakazi kweli!

Tena kipindi chenyewe ni kifupi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2002 uliwafuatilia wenye baipola ya aina ya kwanza, yaani yenye mania, kwa takriban miaka 13: karibu theluthi moja ya wiki zao zilikuwa za sonona, na takriban asilimia 9 tu za mania au haipomania.

Ukikosea hapa, anayeumia ni mgonjwa. Dawa ya sonona ikitumika peke yake, hasa amitriptilini, yaweza kumrusha mwenye baipola hadi kwenye mania. Yeye hufaa kupewa kwetiapini, lamotrijini au lithiamu, ambayo kiwango chake hupimwa kwenye damu. Valproeti haimfai mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani hudhuru mtoto tumboni. Na aliyeanza dawa ya sonona, kisha akajikuta analala saa tatu tu na hachoki, arudi kwa daktari wiki hiyohiyo.