Programu ya Mashine ya Kuchonga: Tulipe au Tusilipe?

Askari anayekaribia kustaafu huulizwa na jamaa zake: kiinua mgongo utakifanyia nini? Wapo wanaojibu ng'ombe, wapo wanaojibu nyumba ya kupangisha, na siku hizi yupo pia anayejibu kwamba atanunua mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta. Mashine hiyo, ambayo hujulikana kwa herufi CNC, huandika majina juu ya vibao vya milango, huchonga nembo, na hutia maua kwenye vichwa vya vitanda. Ndogo zake hutosha juu ya meza ya chakula. Ile iitwayo 3018 ina uwanja wa kazi wa sentimita 30 kwa 18 tu.

Kununua mashine ni shauri moja. Shauri la pili, ambalo wengi hulikuta fedha zikiwa zimekwisha, ni la programu ya kuiongoza. Je, inunuliwe, au itumiwe ile isiyolipiwa? Bwana na bibi wa nyumba yafaa walizungumze jambo hili pamoja kabla ya kutia sahihi fomu ya mkopo, uwe wa Wazalendo au wa Exodus, kwani riba haiulizi kama mashine imeanza kazi.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya programu hiyo. Kibao hakichongwi mpaka mchoro wake upite mahali patatu. Programu ya kwanza ni ya kuchorea. Ya pili huugeuza mchoro kuwa amri, mstari baada ya mstari. Kwa mfano, mstari wa G1 X100 F600 huiambia mashine ikate kwa njia iliyonyooka hadi alama ya milimita 100, kwa mwendo wa milimita 600 kwa dakika. Programu ya tatu, ambayo ndiyo tunayoizungumzia, huisoma mistari hiyo na kuziendesha mota. Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kujua kwamba elimu hii ilianza kwao: John T. Parsons wa Michigan alikuwa akihangaika na utengenezaji wa mapanga ya helikopta, na kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani Chuo cha MIT kilionyesha mashine ya namna hii mwaka 1952.

Kabla ya kuuliza bei ya programu yoyote, funua kisanduku cha mashine uitazame bodi yake ya umeme. Bodi ndiyo inayoamua programu ipi itakubaliwa. Mashine nyingi ndogo za aina ya 3018 huja na bodi ambayo tayari imetiwa GRBL, programu iliyoanzishwa na Mnorwei Simen Svale Skogsrud mwaka 2009 ili ikae ndani ya kibodi kidogo cha Arduino. Hapo hesabu za mwendo hufanywa na bodi yenyewe. Kompyuta hubaki na kazi ya kuipelekea mistari, na kazi hiyo hufanywa bila malipo na programu kama Universal Gcode Sender au gSender. Mwenye mashine ya namna hii hana sababu ya kufungua mkoba wake katika miezi ya kwanza, na muuzaji anayemshurutisha kununua programu nyingine pamoja na mashine aombwe kueleza ni kwa nini.

Mambo hubadilika kwa mashine kubwa, hasa zile zilizotumika zinazouzwa pamoja na kompyuta yake. Huko utakutana na Mach3, programu ya Windows ambayo kwa miaka mingi imeuzwa kwa dola 175. Inaruhusu kujaribiwa bure, lakini kwa mistari 500 tu ya amri. Jina la mtu juu ya kibao laweza kuenea humo. Ua la kitanda lenye mabonde na miinuko hupita maelfu. Mach3 imekwisha kuachwa na wenyewe, maana yake haiendelezwi tena, na mahali pake pameshikwa na Mach4. Tena, ikiwa mashine yako huunganishwa kwa lile tundu pana la printa la zamani, Mach3 haitaendesha tundu hilo katika Windows za biti 64. Anayelipa dola 175 kwa njia hiyo anajifunga kuitunza kompyuta kuukuu mpaka mwisho wa kazi yake.

Kwa kompyuta kuukuu hiyohiyo iko LinuxCNC, ambayo hailipiwi. Chanzo chake ni kazi iliyofanywa na taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990. Ina uwezo mkubwa, na wapo waliofufua kwayo mashine nzito za viwanda. Ugumu wake ni kuisimamisha. Inadai mfumo wake wenyewe wa kompyuta, na lazima kwanza upime kama kompyuta yako hutimiza amri bila kuchelewachelewa, maana si kila kompyuta hufaulu kipimo hicho. Asiyepata kuishika kompyuta ya namna hiyo ajiwekee akiba ya subira.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui: bure ziko mbili. Iko bure ya hisani, ambayo mwenyewe hukupa akitaka na kuipunguza akitaka. Kampuni ya Autodesk iliwapa mafundi wa nyumbani programu yake ya kuchorea na kutengeneza amri, Fusion 360. Mwaka 2020 ikapunguza yaliyomo katika leseni hiyo ya bure, hata ule mwendo wa haraka ambao kisu huhama nao kikiwa juu ya mbao ukaondolewa, na kazi zikawa ndefu zaidi kuliko jana yake. Iko pia bure ya haki, kama ya LinuxCNC na GRBL, ambazo leseni zake humruhusu kila mtu kunakili, kurekebisha na kugawa. Nakala uliyonayo ya namna hii hapana wa kukunyang'anya. Kwa mtu anayetegemea mashine kulipa karo ya watoto, tofauti hiyo ni nzito kuliko rangi za vitufe kwenye kioo.

Bure ya tatu ni ya wizi. Nakala za Mach3 zilizovunjwa kufuli husambazwa pamoja na bodi za bei rahisi. Askari polisi hahitaji kuelezwa jina la mtu anayepokea mali ya wizi. Tuongeze tu kwamba nakala kama hiyo haina mtu wa kuulizwa inapoharibu kazi ya mteja.

Je, hakuna wakati wa kulipa? Upo. Tuseme dola moja ni shilingi 3,700. Leseni ya dola 175 basi ni shilingi 647,500. Ikiwa kila kibao hukuachia 20,000 baada ya kutoa mbao na umeme, leseni inakula faida ya vibao 33. Fundi mwenye wateja wanaongoja, ambaye LinuxCNC imemshinda kuisimamisha kwa majuma mawili, atavirudisha vibao hivyo upesi, na alipe bila kusitasita. Ila asome masharti kwanza. Leseni ya UCCNC, kwa mfano, imefungwa kwenye namba ya bodi moja. Ni vema kumwuliza muuzaji mapema itakuwaje bodi hiyo ikiungua.

Ambaye hajapata mteja wa kwanza, fedha hizo zina pa kwenda kabla ya programu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine hizi ndogo hupoteza alama ya mahali zilipokuwa, hata zikiwa na programu ya bei gani. Swichi ndogo za mwisho wa mwendo, ambazo GRBL huzitumia kurudi nyumbani na kuanza hesabu upya, ndizo zitakazookoa kibao. Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota na wa kisu moja kwa moja kwa waya, kisitegemee kompyuta iliyoganda. Miwani ya kukinga macho iwe jozi mbili, kwani mashine iliyo nyumbani ina watazamaji.

Baada ya hayo, chonga kibao kilekile kwa programu isiyolipiwa mara kumi, na kila hitilafu iandikwe daftarini pamoja na sababu yake: kisu butu, mbao iliyosogea, umeme, au programu. Daftari hilo lifunguliwe mezani siku ya kuzungumza juu ya leseni.