Ua Linalowahi Kivuli

Kivuli cha chini ya mti wa Ulaya unaopukutisha majani si kimoja mwaka mzima. Julai pana giza hata nyasi zinadhoofu. Februari mahali hapohapo pana mwanga tele, kwa sababu mti umepukutisha majani yote. Huo ndio msimu wa snodropu, mmea mfupi wenye ua moja jeupe linaloinamia ardhini. Nasisitiza hili kwa kuwa wengi huupanda chini ya misonobari, ambako kivuli hakiondoki, kisha wanashangaa haustawi. Snodropu haipendi giza. Inawahi jua kabla miti haijachipua.

Inaweza kuwahi kwa sababu ya tunguu lake, ghala la chakula lililofukiwa udongoni. Akiba hiyo husukuma juu majani membamba yenye ncha ngumu, yanayopenya hata udongo ulioganda. Usiku wa baridi kali mmea hulala chini kana kwamba umekufa. Barafu ikiyeyuka, unasimama tena. Litazame ua kwa karibu: petali tatu za nje ni nyeupe tupu, na ndani yake mna tatu fupi zenye alama ya kijani nchani. Siku ikipata joto kidogo, zile za nje hutanuka na nyuki hupata njia ya kuingia. Mbegu nazo zina kinofu chenye mafuta kinachowavutia sisimizi, wanaozibeba na kuzisambaza.

Maua yakiisha, kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza. Majani huendelea kutengeneza chakula kwa wiki kadhaa na kulijaza tunguu kwa ajili ya mwaka ujao. Kuyafyeka yakiwa mabichi ili bustani ipendeze ni kuunyima mmea maua yajayo. Yaachwe yanyauke yenyewe.

Tunguu hili ni dogo na hukauka upesi, hivyo yale yanayouzwa makavu mara nyingi hayaoti. Heri kununua mche wenye majani mabichi, mara tu maua yanapokwisha, na kuupanda sentimita 8 hadi 10 chini, kwenye udongo wenye mboji ya majani, unaotunza unyevu bila kutuamisha maji. Shina likishasongamana, ling'olewe, ligawanywe na kupandwa siku hiyohiyo. Tunguu lisichanganywe na vitunguu vya jikoni, maana lina sumu. Hata hivyo, ni katika jamii hii hii ya mimea ndimo ilimopatikana galantamini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa wagonjwa wa Alzheimer.

Mwaka 1874 Mwingereza Henry John Elwes aliikuta aina ya snodropu yenye maua makubwa karibu na Izmir, Uturuki, nayo ikapewa jina lake. Baadaye matunguu ya porini yalichimbwa huko kwa wingi mno, hata biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji kama yake yamezalishwa kitaluni au yamechimbwa msituni.