Kadi Namba 22

Kwanza nina ugomvi kidogo na jina. Mbio za nyika. Nyika ni ile nchi kavu ya miiba na nyasi za manjano, ambako macho hutembea mpaka yachoke. Sasa njoo Kericho, au teremka hadi Bomet, unitafutie nyika hata ya kujaza kikombe. Hakuna. Kuna chai. Chai mlimani, chai bondeni, chai mpaka ukutani mwa bweni, na chai inapoishia inaanza mikaratusi ya kuni za kiwandani. Lakini kila Januari shule zikifunguliwa, vijana wetu huambiwa wajiandae kwa mbio za nyika, na hakuna anayecheka.

Asili ya mchezo wenyewe ni kwa Waingereza. Katika karne ya 19 wavulana wa shule za bweni kule walicheza sungura na mbwa: wawili watatu walitangulia wakidondosha vipande vya karatasi mashambani, wengine wakafuata karatasi hizo wakiruka ua na mitaro. Jambo la kwanza la kukumbuka, wanangu, ni hilo. Huu ulikuwa mchezo wa kundi tangu mwanzo. Nitalirudia baadaye, maana ndilo lililonitia aibu.

Nilipokuwa shuleni, mazoezi yetu yalianza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya huko si ya kuvaa fulana. Hewa ya juu ni nyepesi. Mtu wa Mombasa akija hapa na kupanda kilima kimoja, atahema kama mvukuto. Mwili unaoishi huku hujipanga: hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, zile zinazobeba oksijeni. Basi tulikuwa tunafanya mazoezi hata tukiwa tumelala, ingawa mwalimu wetu hakuikubali hoja hiyo nilipompelekea.

Michai hukatwa ikawa sawa kama meza, kimo cha kiuno, ili mchumaji afikie majani mawili na kichipukizi bila kuinama. Kwa hiyo ukisimama ng'ambo ya bonde ukawatazama wakimbiaji kwenye vijia vya shambani, huoni miguu. Unaona vichwa, mabega na vifua tu, vinateleza juu ya kijani kama watu waliobebwa na mto. Mama mmoja mchumaji, kapu limejaa mgongoni, alikuwa akituhesabu kila asubuhi kwa sauti. Wa mwisho akipita, alimcheka. Mara nyingi wa mwisho nilikuwa mimi.

Mchana jua, saa tisa wingu. Na wingu la Kericho halitanii: sehemu hii inajulikana kwa mvua ya mawe. Yakianza kudunda tulikimbilia kituo cha kununulia majani, tukabanana chini ya bati na wakulima walionyamaza, kwa sababu kila jiwe lilikuwa linawachania mapato. Baada ya hapo udongo mwekundu hugeuka unga uliokandwa. Hatua kumi tu, kila kiatu kimevaa kiatu kingine cha matope. Wengi wetu tulivua tukakimbia pekupeku, na hatukuona ajabu.

Wala si ajabu. Machi 2010, kule Bydgoszcz nchini Poland, kwenye mashindano ya dunia ya mbio za nyika, msichana wa Keringet, ng'ambo tu ya mpaka wa Bomet na Nakuru, alikimbia miguu mitupu akamaliza wa nne miongoni mwa vijana. Jina lake Faith Kipyegon. Mwaka uliofuata, kule Punta Umbría, Hispania, alishinda. Lakini mwangalie aliyeshinda mbio hizo za 2010: Mercy Cherono wa Sotik. Na mbio za wanawake wakubwa siku hiyo hiyo? Emily Chebet wa Bomet. Kenya ilizoa dhahabu zote nane, na mbili za binafsi za wanawake zilirudi kwenye kaunti moja ya chai, Bomet. Bado sijamtaja mzee wao, Wilson Kiprugut wa Kericho, ambaye shaba yake ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964 ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kuletwa Kenya. Yeye alikuwa wa uwanjani, hakukanyaga matope yetu siku hiyo ya Tokyo, lakini huwezi kusimulia mbio za Kericho ukamruka.

Sasa hesabu. Chukueni kalamu.

Katika mbio za nyika kila timu hujumlisha nafasi za wakimbiaji wake. Wa kwanza huleta pointi 1, wa kumi pointi 10, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Kwenye mashindano ya dunia hukimbia sita, wanahesabiwa wanne wa mbele. Maana yake, hata ukiwa na bingwa, bingwa wako anaweza kuokoa pointi chache tu. Anayeweza kuwazamisha ni wa nne. Wanaume wa Kenya walishika taji la timu mara 18 mfululizo, kuanzia 1986 hadi 2003, na katika baadhi ya miaka hiyo mshindi binafsi hakuwa Mkenya. Kuna watu walioleta dhahabu hizo ambao leo hakuna anayeyakumbuka majina yao.

Siku ya mbio zetu za zoni tulihesabiwa wanne. Nilikuwa kidato cha pili. Mstari wa kuanzia ulikuwa kamba, namba zimebanwa kifuani kwa pini, na mwishoni kulikuwa na kijia cha kamba ambamo kila anayemaliza alipewa kipande cha kadi chenye nafasi yake. Nahodha wetu alipata kadi namba 1. Wenzangu wawili wakapata 3 na 8. Mimi nilikuwa wa nne wa timu.

Kilima cha mwisho nilikipanda nikiwa wa 21. Mbele sikuona fulana ya wapinzani wetu, nyuma sikusikia mtu, nikajiambia shughuli imekwisha. Nikapunguza. Mjue kwamba mwaka 2023 kule Bathurst, Australia, Letesenbet Gidey wa Ethiopia aliongoza mbio za dunia mpaka mita chache kabla ya mstari, miguu ikakataa, akaanguka, na Beatrice Chebet wetu wa Kericho akampita akachukua dhahabu. Gidey miguu ilimkataa. Yangu ilikuwa mizima. Ni mimi niliyeikataa. Kijana mmoja mwenye fulana ya bluu, wala si wa shule tuliyokuwa tukishindana nayo, alinipita karibu na kamba. Nikapewa 22.

Jumlisheni: 1, 3, 8 na 22. Ni 34. Wapinzani wetu walikuwa na 2, 5, 9 na 18. Jumla? Mmeona. Sare ikitokea, mshindi ni timu ambayo wa nne wake alimaliza mbele. Kumi na nane na ishirini na mbili. Wao walienda mbio za kaunti ndogo, sisi tukapanda lori la shule.

Hakuna aliyenisema. Mwalimu alikaa mbele na dereva, daftari limefungwa mapajani. Mvua ilikuwa imeanza tena na turubai lilivuja. Tulipofika karibu na kiwanda, harufu ya majani yanayokaushwa ikaingia, na nahodha akasogea akaketi kando yangu akiwa na hindi la kuchoma.

"Yule wa bluu," akaniuliza, "alikupita kwa umbali gani?"

Nikaangalia ndani ya lori, nikitafuta kipimo. "Kama kutoka hapa hadi kwenye lile tairi la akiba."

Alilitazama tairi kwa muda. Kisha akavunja hindi katikati, akanipa nusu.