Tumbo Linauma, Vipimo Havioni Kitu



Mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai, huku Toro nchini Uganda, alipewa barua ya onyo kwa kuacha mashine mara nne kwenda chooni katika zamu moja. Msimamizi alisema ni uvivu. Nilikwenda ofisini kumtetea, na nakiri sikuwa na la kusema, maana alikwisha kupimwa choo na damu na hakuna kilichoonekana. Ndipo nikamwendea daktari anieleze.

Uko ugonjwa ambao utumbo hauna kidonda wala mdudu, lakini mwendo wake umeharibika. Madaktari huuita kwa herufi tatu, IBS, yaani utumbo unaochokozeka upesi. Utumbo husukuma chakula kwa kujikaza na kulegea, na kazi hiyo huongozwa na mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo na kurudisha. Kwa mgonjwa huyu utumbo hujikaza kupita kiasi, au huenda polepole mno, na gesi kidogo tu humwuma kama kisu. Sisi wa kiwandani tunaelewa: mashine inaweza kuwa na vyuma vizima, lakini mkanda haukai sawa. Ukiifungua huoni kilichovunjika, na kazi haiendi.

Dalili yake kubwa ni maumivu ya tumbo yanayokuja angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, nayo hubadilika mtu akienda choo. Mwingine huhara, mwingine hufunga choo, mwingine hupata yote mawili kwa zamu. Tumbo hujaa na kunguruma.

Wengine huanza baada ya kuugua kuhara kukali. Yapata mtu mmoja katika kumi hubaki na tumbo la namna hii. Wasiwasi huzidisha, na kula ovyo ovyo pia. Kwa hiyo asiambiwe mtu kwamba anajisingizia. Maumivu ni ya kweli.

Hapa ndipo pesa zetu zinapopotea. Tumbo likisokota, mtu hukimbilia dukani kununua Flagyl, akisema ni amiba. Mwezi ujao tena. Yule mwenzetu alimeza dawa hiyo mara tatu bila kupimwa hata mara moja! Kama hakuna amiba, dawa ya amiba haitakusaidia kitu.

Lakini msikimbilie kujiita wagonjwa wa IBS. Ukiona damu katika choo, ukikonda bila sababu, ukipata homa, ukiishiwa damu, ukiamshwa usingizini na kuhara, au tumbo likianza kukusumbua ukiwa umepita miaka 50, nenda hospitali upesi. Kuhara kwa muda mrefu kwaweza pia kutokana na UKIMWI au kifua kikuu cha tumbo, nayo yana dawa zake. IBS haigeuki kansa.

Juu ya chakula, hakuna orodha moja ya watu wote. Maharage huleta gesi: yalowekeni usiku kucha, mwage maji yale, mpike hadi yaive kabisa. Wengine husumbuliwa na maziwa, vitunguu, mafuta mengi au chai kali. Acha kimoja kwa wiki mbili au tatu uone. Ukiacha vyote pamoja hutajua mkosaji ni nani, na utadhoofika bure. Kula kidogo kidogo kwa saa zilezile, bila kuharakisha. Ziko dawa za kulegeza utumbo na za kupunguza kuhara. Mwulize daktari ipi inakufaa.

Lakini mtu atakulaje kwa saa zake ikiwa mapumziko ya chakula yanaliwa na kazi? Na atakwendaje choo ikiwa wachumaji mia wana choo kimoja mwisho wa shamba? Haya si mambo ya daktari. Wawakilishi wa matawi wayalete tunapojadili mkataba wa pamoja: mapumziko yaheshimiwe hata zamu ya usiku, choo kiwe karibu, na mwenye cheti cha daktari asiandikiwe onyo kwa kwenda chooni.

Barua ya yule mwenzetu ilifutwa daktari alipoandika cheti. Tumbo bado humsokota, hasa wiki za zamu ya usiku. Ila siku hizi saa sita ya usiku anakaa kula kama wengine, na akitoka, jirani yake humshikia mashine.