Herufi Kubwa Ziandikwazo na Simu

Mtoto akiandika katika simu “asha anakaa tanga”, kwa kawaida hutokea “Asha anakaa tanga”. Herufi ya kwanza imekuzwa na simu, si na mtoto. Mtunga programu huchagua kanuni ya kila kisanduku cha kuandikia: kutokuza herufi yoyote, kama panapoandikwa neno la siri, kukuza mwanzo wa sentensi, mwanzo wa kila neno, kama panapoandikwa majina ya watu, au herufi zote. Kanuni ya sentensi hutazama nukta na nafasi iifuatayo, wala haijui maana; ndiyo sababu baada ya “taz.” huweza kukuza neno lisilostahili, na Tanga ikaachwa ndogo. Basi tunapopima imla tutumie karatasi, au kwanza tuizime kanuni hiyo katika mipangilio ya simu.