Ekuteri za ndoana: zistareheshe sikio, zisiliue

Tunawaonaka wakishuka kwenye moto hapa Mulongwe, wametoka Misisi kwa njia ya Fizi, Baraka na Makobola. Vumbi mpaka kwenye nyusi, mfuko mgongoni, na mkono mmoja unasugua sikio. Safari nzima walikuwa na ekuteri, juu ya muziki, juu ya habari. Wakifika nyumbani, mama anaita mara tatu bila kujibiwa. Ndiyo sababu leo tunazungumzia hiki kitu kidogo kinacholala mfukoni pamoja na telefone.

Kwenye meza za wauzaji mutakuta aina tatu. Ya kwanza ni zile ndogo zinazoingia ndani ya tundu la sikio. Bei yake ni nafuu, lakini zinaingia na jasho na vumbi, na baada ya saa mbili tundu linaanza kuwasha. Ya pili ni kaske kubwa, yenye utepe wa kupita juu ya kichwa. Sauti ni nzuri, lakini kofia ngumu haivaliki juu yake, na masikio yanapata joto. Ya tatu ni nyepesi: kila upande una kisahani chenye sponji na ndoana inayozunguka nyuma ya sikio. Haina utepe wa kichwa, haiingii tunduni. Hizo ndizo tunaziita za ndoana.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1910, Mmarekani Nathaniel Baldwin wa Utah aliuzia jeshi la majini la nchi yake ekuteri zilizokuwa mzigo wa kichwa kweli. Mwaka 1958 John Koss, wa Milwaukee, alitoa kaske ya kusikilizia muziki wa stereo, nayo ilikuwa kubwa. Uzito ulipungua kweli mwaka 1979: Sony walipouza Walkman, waliiambatanisha na ekuteri za sponji zenye karibu gramu 50 tu. Kutoka hapo ilibaki hatua moja: kuondoa utepe na kuacha sikio libebe lenyewe.

Lakini sikio si msumari wa kutundikia koti. Mukienda kununua, muvae palepale mezani, mutikise kichwa kama muko kwenye moto. Ndoana nzuri haianguki, na haibani. Kuna zile ambazo ndoana yake ina waya laini ndani: mutaipinda kidogokidogo mpaka ifuate sikio lenu. Ile ya plastiki ngumu, musiilazimishe, itavunjika. Mwenye miwani aangalie zaidi, kwa sababu mkono wa miwani na ndoana vinagombania nafasi moja nyuma ya sikio. Waya uupitishe chini ya shati ili usivute. Na ile sponji, mukiweza kuitoa, muifue kwa maji na sabuni, muikaushe kivulini kabla ya kuirudisha.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe. Ekuteri hizi haziibi sikio. Sauti ya nje inaingia. Nyumbani ni faida: unasikiliza mpira na bado unasikia mtoto analia. Ukitembea kando ya barabara, unasikia kamyo inakuja nyuma. Ila karibu na konkaseri, faida inageuka hatari. Mashine inapiga kelele, muziki hausikiki, basi mtu anapandisha sauti mpaka mwisho. Hapo sikio linapokea kelele mbili kwa mara moja.

Shirika la Afya Duniani, OMS, limeweka kipimo. Sauti ya desibeli 80, mtu anaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Ikifika 100, ni dakika 20. Kwenye telefone, OMS inashauri sauti isipite asilimia 60. Sema hivi: ngazi 10, usipite ya 6. Kama kwa ngazi ya 6 husikii kitu, mahali pale hapafai kwa muziki. Vua.

Na kuna kosa lingine: kuvaa ekuteri karibu na mashine ukidhani zinakinga. Hazikingi. Hata pamba haitoshi. Kinachokinga ni vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, au kaske ya kuzuia kelele.

Ndani ya shimo, hapana kabisa. Mbao ikianza kulia, jiwe dogo likianguka, mwenzako wa juu akipiga kelele utoke, sikio ndilo linakuambia kwanza. Wimbo mmoja unaweza kufunika ile sauti.

Masikio yakilia nziii usiku baada ya kazi, ni alama. Chembe za ndani zinazopokea sauti zikikufa, hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Mama, papa, muangalie nyumbani: anayepandisha redio kila siku, anayejibu maneno ambayo hayakuulizwa, asichekwe. Apelekwe kituo cha afya mapema.

Wazee walisema sikio la kufa halisikii dawa. Letu lingali linasikia. Jioni, mukiwa mumekaa mbele ya nyumba na ziwa liko mbele yenu, muvae ekuteri zenu za ndoana, sauti ya chini. Na mukiitwa kula, muitike.